Somo: Kuipa injini ya Dakota kivuli na mafuta kwa woshi

Injini ya leo ni Pratt & Whitney R-1830, iliyobebwa na ndege ya DC-3, ile Dakota ambayo East African Airways waliirusha kwenye anga letu. Ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara, safu mbili za saba saba, na kila silinda imevikwa mapezi membamba ya kupozea. Injini halisi ina upana wa mita 1.22, kwenye modeli ya plastiki ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, inabaki kama sentimita 2.5. Mwanga hauwezi kuchora vivuli kwenye mifereji midogo hivyo. Kazi ya woshi ni kuvichora; woshi ni rangi iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi.

Hatua ya 1. Paka rangi ya msingi ya akriliki: silinda rangi ya chuma, kasha la giya la mbele kijivu, vijiti vya kusukumia valvu vyeusi. Iache ilale usiku mzima.

Hatua ya 2. Pitisha vanishi inayong'aa, nyembamba. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalaumu rangi. Uso mkavu usio na vanishi hunywa woshi palepale na kubaki na madoa; uso laini huiacha iteleze hadi mferejini.

Hatua ya 3. Kamua rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyokolea na nyeusi kidogo, juu ya kipande cha boksi. Subiri nusu saa boksi linyonye mafuta ya ziada. Kisha zimua kwa waiti spiriti, sehemu moja ya rangi kwa kumi hivi. Fungua madirisha. Nyeusi tupu siipendi hata kidogo: huifanya injini ionekane imechorwa kwa kalamu.

Hatua ya 4. Chovya brashi namba 0, ipunguze kwenye kitambaa, gusa shina la silinda tu. Woshi itatambaa yenyewe kuzunguka mapezi. Usiisambaze! Ukiona haitoshi, rudia ikishakauka.

Hatua ya 5. Baada ya dakika 20 au 30, futa kwa brashi yenye unyevu kidogo wa waiti spiriti. Futa kwa kuyakata mapezi, usifuate mifereji. Ukifuata mfereji unaikomba rangi yote uliyoiweka; ukikata, migongo ya mapezi inabaki safi na kivuli kinakaa ndani.

Hatua ya 6. Pitisha vanishi isiyong'aa. Madoa ya mafuta ya injini ndiyo yaje mwisho: kahawia kidogo ndani ya vanishi inayong'aa, kwa ncha ya brashi. Weka zaidi silinda za chini. Injini za aina hii zikisimama, mafuta huchuruzikia huko, ndiyo maana mafundi huzungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha. Michirizi ielekee nyuma, upepo unakoisukuma.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tanga:* Shikamoo fundi. Rangi za mafuta huku sizipati. Akriliki inafaa?

*Jibu:* Marahaba. Inafaa. Zimua kwa maji na utie tone dogo la sabuni ya vyombo, la sivyo itajikusanya kama umande juu ya mapezi. Fanya silinda moja moja, maana ikikauka huifuti tena.

*Mwanachama, Nakuru:* Nilizimua kwa tina ya rangi za magari, rangi ya msingi ikanyanyuka yote.

*Jibu:* Pole sana ndugu yangu. Tina hiyo huyeyusha akriliki na hata plastiki yenyewe. Hata waiti spiriti usiimwage kwa wingi: ikiingia kwenye maungio ambayo plastiki yake haijapakwa rangi, huenda yakapasuka.

*Mwanachama, Zanzibar:* Ekzosi niipake nyeusi?

*Jibu:* Hapana, dada. Chuma kilichoungua kina kahawia ndani yake. Anza na rangi ya chuma iliyofifia, woshi ya rangi ya kutu juu yake, kisha masizi kidogo mdomoni tu, pale moshi unapotokea.