Taa ya LED ya Kujitengenezea kwa Tangi la Samaki Lenye Mimea

LED ya wati 3 ikitunzwa hudumu miaka mingi. Kinachoiua mapema ni vitu viwili: joto lisilo na pa kwenda, na mkondo wa umeme uliozidi kipimo chake. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kuzuia kimoja kati ya hivyo.

Vipimo vyetu ni vya tangi lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa 40, maji yakiwa na kina cha sentimita 35, yaani lita 126. Mimea isiyo na makuu, kama valisneria, anubia na kriptokorine, hukua vizuri kwa lumeni (kipimo cha mwanga) 20 hadi 30 kwa kila lita. Kwa lita 126 hiyo ni lumeni 2,520 hadi 3,780, na LED 24 zinazoendeshwa kwa miliampia 600 zinafika kwenye kiwango hicho cha juu.

Usikimbilie kuongeza zaidi. Maji mengi ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi na baikaboneti kwa wingi, na kwenye maji ya alkali kama hayo kabonidayoksaidi iliyo huru ni kidogo. Mmea ukipewa mwanga mwingi bila kabonidayoksaidi ya kutosha haukui haraka. Mwani ndio unaoshangilia. Valisneria ina faida yake hapa kwa sababu inaweza kutumia baikaboneti yenyewe, kwa hiyo mtu wa Arusha aanze nayo.

Nunua LED 16 nyeupe za kelvini 6500 (kelvini hueleza rangi ya mwanga), 4 nyeupe za manjano za kelvini 3000, na 4 nyekundu za nanomita 660, zote zikiwa tayari zimebandikwa kwenye vibati vya nyota vya milimita 20. LED tupu isiyo na kibati iache. Kuilehemu vizuri bila vifaa maalumu ni kazi ngumu. Ongeza draiva 2 (vifaa vinavyozigawia LED umeme) za mkondo usiobadilika za miliampia 600, taima 2 za soketi, pasta ya joto ile ambayo mafundi kompyuta hupaka kwenye prosesa, waya laini wa milimita 0.5 za mraba, na bolti za M3 zenye washa za plastiki. Usipozipata LED mjini, zinaagizwa Kariakoo na kupandishwa kwa basi.

Aluminiamu ipo karibu. Mafundi wa madirisha hubaki na vipande vingi. Tafuta profaili ya U yenye upana wa sentimita 8, kuta za sentimita 4 na urefu wa sentimita 85. Angalia unene: profaili nyingi za madirisha ni nyembamba mno, nasi tunataka angalau milimita 2. Ukikosa, chukua bapa la milimita 3 ulifungie pembe mbili za aluminiamu kwa bolti, pasta ya joto ikiwa katikati.

Hesabu ya joto ni hii. Taa nzima inakula kama wati 44, na takribani wati 30 kati ya hizo zinageuka joto. Kwa kupoa bila feni, kila wati ya joto inahitaji karibu sentimita 65 za mraba za aluminiamu inayoguswa na hewa, kwa hiyo jumla ni kama 1,950. Profaili yetu, ikihesabiwa pande zote, ina 2,720. Ziada hiyo si anasa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya pwani. Moshi iko chini zaidi lakini mwezi wa pili chumba kinachemka, kwa hiyo huko usipunguze hata sentimita moja. Ikibidi weka feni ya kompyuta ya sentimita 12 juu yake.

LED zifungwe upande wa nje wa bapa, kuta za U zikitazama juu. Ukigeuza kuta zitazame chini, hewa ya moto inanaswa ndani pamoja na LED, nusu ya faida ya aluminiamu inapotea.

Chora mistari miwili iliyoachana sentimita 4, kila mmoja na alama 12 kila baada ya sentimita 7. Nyekundu na za manjano zitawanye. Zikikaa pamoja utaona doa la rangi kwenye mchanga. Toboa, kisha piga msasa kila ukingo wa tundu, maana kinundu kidogo tu cha chuma kinainua kibati na kuacha hewa chini yake. Safisha kwa spiriti. Pasta ipakwe nyembamba, kiasi cha kufunika tu. Wengi huipaka nene wakidhani ndiyo inayopooza, kumbe kazi yake ni kujaza mikwaruzo. Chuma kwa chuma hupitisha joto vizuri zaidi.

Paka risasi kwenye miguu ya kila kibati kabla ya kukifunga. Kikishafungwa, aluminiamu inanyonya joto la pasi ya kulehemu na risasi haishiki sawasawa. Pasi ya wati 60 itasaidia. Kisha unganisha kwa mfululizo, chanya ya moja kwenda hasi ya inayofuata.

Mfululizo wa kwanza ni nyeupe 12. Kila moja inataka karibu volti 3.2, jumla volti 38.4. Wa pili ni nyeupe 4, za manjano 4 na nyekundu 4. Nyekundu hutaka kama volti 2.2 tu, hivyo jumla ni 34.4. Draiva iwe na lebo inayobeba namba hizo katikati, mfano volti 25 hadi 60. Volti ikiwa nje ya kipimo, taa itawaka na kuzimika mfululizo, na watu huilaumu LED bure.

Kila mfululizo uwe na draiva yake. Ukifunga mifululizo miwili sambamba kwenye draiva moja, ule wenye volti ndogo, hapa ni ule wenye nyekundu, unavuta mkondo mwingi zaidi. LED zake zikipata moto volti yake inashuka tena na mkondo unaongezeka, mpaka moja inaungua. Halafu mzigo wote unahamia kwa mfululizo uliobaki.

Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kati ya kila mguu wa LED na aluminiamu. Ikilia, kuna risasi iliyomwagika au bolti inayogusa mguu. Funga waya zote kwanza, halafu ndipo uchomeke plagi. Draiva yenye umeme lakini isiyofungwa LED hupandisha volti hadi kilele na kujaza kapasita zake, vile vihifadhi chaji vya ndani. Ukigusisha LED wakati huo, chaji yote inapita ndani yake mara moja. LED nyingi mpya hufa hivi. Mfululizo ukikataa kuwaka kabisa, tafuta LED iliyogeuzwa.

Iache iwake saa moja, kisha gusa aluminiamu nyuma ya LED. Kidole kikishindwa kukaa sekunde 5, sehemu hiyo imefika nyuzi 50 au zaidi. Ikiwa ni LED moja tu yenye moto, fungua uangalie pasta. Ikiwa ni bapa lote, ongeza aluminiamu au feni.

Kwa usalama usibanie hela. Draiva iwe ile ambayo upande wa LED umetengwa kabisa na umeme wa ukutani. Lebo yake huandikwa SELV. Lebo ikinyamaza, iache dukani. Aluminiamu iungwe kwenye waya wa ethi, soketi ilindwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, na waya wa plagi uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua draiva kuliko kitu kingine. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache, kinafaa hapa pia.

Ning'iniza taa sentimita 12 juu ya kifuniko cha kioo cha milimita 4. Kifuniko kisafishwe kila wiki, maana chokaa ya matone hula mwanga mwingi.

Wiki mbili za kwanza washa mfululizo wa pili peke yake, saa 6 kwa siku. Mimea ikitoa majani mapya, ongeza ule wa kwanza katikati ya muda huo, kisha panda taratibu hadi saa 8. Mwani wa nyuzi ukitokea, inua taa sentimita 5 kabla ya kufikiria dawa yoyote. Majani ya chini yakiwa ya manjano na kuoza ilhali ya juu ni mazima, basi mwanga haufiki chini: ishushe tena, au punguza yale majani marefu yanayotanda juu ya maji.