Namna ya kumkosoa mwanamichezo aliyeshika kipaza sauti

Kazi yangu redioni ni kukata sauti za michezo. Napokea dakika tatu za mchezaji anayehema, nabakiza sekunde ishirini zinazosikilizika. Kwa hiyo kabla hujasambaza kipande cha kumcheka mtu, nisikilize.

Kwanza angalia amefikaje pale. Aliyevutwa kando ya uwanja filimbi ya mwisho ndiyo imelia, jasho linamwingia machoni, hakwenda kuhutubia. Atakupa ileile: "Kwanza namshukuru Mungu, mechi ilikuwa ngumu, wapinzani walikuwa wazuri, tumetumia nafasi tulizopata, tunajipanga na mchezo ujao." Hapo kosoa swali. Umemuuliza anajisikiaje baada ya ushindi, ulitaka ajibu nini? Muulize kwa nini kipindi cha pili alihamia kushoto, uone anavyochangamka.

Wengine wapo pale kwa kulazimishwa tu. Mwaka 2015, kabla ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, mchezaji Marshawn Lynch alijibu kila swali kwa jibu moja: amekuja ili asipigwe faini. Naomi Osaka aliususia mkutano wa waandishi kwenye tenisi ya Ufaransa mwaka 2021, akalimwa dola 15,000, kisha akajitoa mashindanoni. Maneno ya kukwepa faini usiyapime kama hotuba.

Jukwaa la kupanda kwa hiari ni habari nyingine, na hapo kipaji cha mpira hakimwokoi mtu. Septemba 2009, Michael Jordan aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji wa kikapu, Springfield, Marekani. Alijua siku, alijua saa, hakuna aliyemharakisha. Alianza huku machozi yanamtoka, akasema aliwaambia rafiki zake atasema asante tu na kushuka. Mimi ningekata hapohapo! Lakini akaendelea, akafungua daftari la visasi: makocha, wapinzani, hadi Leroy Smith, aliyepandishwa timu ya wakubwa shuleni mwaka ambao yeye aliachwa. Na Smith mwenyewe alikuwa amealikwa, yumo ukumbini anasikiliza. Najua kinyongo kile ndicho kilichomfanya Jordan awe Jordan. Bado ilikuwa hotuba mbaya, na kuisema hivyo si kumwonea. Ila taja ulichokisikia: vijembe vilizidi shukrani. Ukisema tu "ana majivuno" hujakosoa hotuba, umemsema mtu.

Lugha iache. Kijana aliyekulia kwenye lugha ya kwao, akajifunza Kiswahili shuleni, leo anahojiwa ughaibuni kwa ung'eng'e, halafu wewe unahesabu makosa ya sarufi? Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Sijasikia mtu akiuliza kama alipatia Kiingereza.

Kama unamfahamu mchezaji, ngoja kesho yake. Mrushie sauti yake, asikilize peke yake, kisha mwambie sehemu moja tu ya kurekebisha.

Upole huu wote usiwafikie wasemaji wa klabu zetu. Wale hawapigi danadana wala hawakimbii, wanalipwa kuongea. Wakiboronga, wapeni zao.