Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Kuisikiliza Bendi ya Ramones

Msikilizaji wa Dar es Salaam aliyelelewa na bendi za dansi za Msondo na Sikinde amezoea wimbo unaoanza taratibu, mashairi yakasikika yote, ndipo magitaa na matarumbeta yakaachiwa nafasi kwenye chemko. Ukimpigia Ramones bila maandalizi atasema ni kelele, ilhali bendi hiyo ya panki, yaani roki ya kasi isiyo na madoido, inastahili kusikilizwa kwa makini kama bendi yoyote kubwa.

Anza na albamu yao ya kwanza, iliyotoka Aprili 1976, na uipige yote bila kuisimamisha: nyimbo 14 kwa dakika 29. Ikiisha, rudia wimbo mmoja na uwaelekeze wasikilizaji waufuate mkono wa kulia wa mpiga gitaa Johnny Ramone, anayecharaza nyuzi kwa kushuka tu, bila kupandisha, tangu mwanzo hadi mwisho. Kama yupo mpiga gitaa miongoni mwenu, apewe chombo ajaribu kwa mwendo uleule. Kifundo cha mkono kitaanza kukaza mapema, na hapo wote wataelewa kwamba wepesi ule una kazi nzito ndani yake. Hatua hii isikatwe hata muda ukibana.

Historia isimuliwe kwa ufupi. Walianza mwaka 1974 huko Queens, New York, wakajijenga katika klabu ya CBGB, na wakaliaga jukwaa Agosti 1996 baada ya maonyesho 2,263. Kazia suala la jina: hawakuwa ndugu, lakini kila aliyejiunga, kama Marky mwaka 1978 na C.J. mwaka 1989, alichukua ubini wa Ramone. Wapenzi wa dansi watalishika haraka, kwani wanaijua NUTA Jazz ya mwaka 1964 iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, wanamuziki wakihama na kurudi huku msondo ukibaki msondo.

Kwenye ushawishi, usitie chumvi. Si sahihi kusema kwamba Ramones ndio walioizaa panki ya Uingereza, kwa sababu Sex Pistols, bendi ya panki ya huko, walikwishapanda jukwaani Novemba 1975. Lililo kweli ni kwamba Ramones walipopiga London Julai 1976, kasi na ufupi wa nyimbo zao viligeuka kipimo kwa vijana wa huko. Mauzo nayo si ushahidi mzuri, maana albamu ile ilifikia hadhi ya dhahabu (nakala laki tano) Marekani mwaka 2014 tu. Malizia kwa kupiga wimbo wa Ramones na, papo hapo, santuri ya kwanza ya The Damned, bendi ya panki ya Uingereza, ya Oktoba 1976, kisha uwaachie wasikilizaji wenyewe wataje kilichokopwa na kilichoongezwa.