Frilansi, kazi ya kujitegemea ya mtandaoni, inalipa ama ni kelele tu? Piga hesabu hivi

Kila wiki kuna mtu hapa Busia ananiuliza eti hii kazi ya kompyuta inalipa? Namjibu inalipa, lakini si vile unaona kwa simu, mtu akipiga picha ya dola zake hakuonyeshi miezi mitatu aliyokaa bila kitu. Kabla hujaacha mshahara wako chukua daftari kwanza.

Anza na saa. Tuseme umepata kazi ya kutafsiri ya dola 50 kwa Fiverr, ule mtandao wa kutafutia kazi. Wenyewe wanakata asilimia 20, zinabaki 40. Dola tuiweke 3,600, hiyo ni 144,000 za Uganda. Toa bando 20,000, toa Yaka (umeme wa kulipia kabla) 10,000, alafu makato ya kuvuta pesa mpaka ifike benki ama kwa simu tuseme 10,000. Umebaki na 104,000. Sasa hapa ndo watu hujidanganya: kazi yenyewe ilikula saa 16, lakini kuna saa 6 za kuongea na mteja na kurekebisha "kitu kidogo tu", na saa 4 za kutuma maombi kwa watu ambao hata hawakujibu. Jumla 26. Gawa, ni 4,000 kwa saa. Kwa mtu anaishi kwao Busia si mbaya, kwa mtu anapanga Ntinda kule Kampala, mmh, wewe mwenyewe unajua. Lakini mteja yuleyule akirudi, zile saa 4 za kutafuta zinaisha na marekebisho yanapungua sababu mshazoeana, kwa hiyo mtu anayerudi mshike vizuri, hata akikusumbua usiku.

Pesa omba nusu mbele. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri kurasa 30 za mtu tuliyekutana WhatsApp, akasema tuma nione kwanza, nikatuma zote (ujinga huo!), tiki za buluu mpaka leo. Siku hizi anayetaka kuona namtumia kurasa mbili. Na ukipatia kazi kwa mitandao kama Upwork, usianze kabla mteja hajaweka pesa palepale kwa mtandao, ahadi ya inbox si pesa.

Intaneti nayo ni gharama, tena ni hatari. Tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, ndo ile iliyokuja baada ya OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Na Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa. Sisi wa mpakani ukiwa na laini ya Kenya unavuka unatuma kazi unarudi, sasa wa Mbarara afanyeje? Uchaguzi ukikaribia maliza kazi mapema na umwambie mteja sababu kabla, akisikia baadaye anaona ni visingizio.

Na huko mbele? Tangu ChatGPT itoke mwisho wa 2022, kuandika makala ya bei rahisi na kutafsiri vitu vyepesi kumebana sana. Wateja sasa wanakuletea maandishi yametafsiriwa na mashine, "rekebisha tu", wanataka kulipa robo. Hiyo usikubali kulipwa kwa kila neno, dai kwa saa, maana kunyoosha Kiswahili kilichopinda wakati mwingine kunakula muda kuliko kuanza upya. Alafu sogea kule mashine inakwama: kuandika sauti za mahojiano ya watu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi, wanaochanganya Kiswahili cha Kongo na Kifaransa, maswali ya utafiti wa vijijini, fomu za hospitali ambapo neno moja likikosewa mtu anaumia. Huko mteja anatafuta mtu wa kumuuliza, na bei mnaongea.

Kuacha kazi? Mi nilibaki kwa duka la mama nikiuza airtime mpaka nikawa na wateja watatu wa kurudi na chakula cha miezi mitatu kwa akaunti, na hata hivyo duka sijalifunga, dada yangu ndo anakaa pale.