Kachchh: ingia kwa mlango wa bahari

Wengi wanaokwenda wilaya ya Kachchh, jimbo la Gujarat, India, hukimbilia Dhordo kupiga picha chumvi nyeupe, wakalala usiku mmoja, kisha wakageuza. Mimi pia ndivyo nilivyotaka. Nilikuwa mwanafunzi Rajkot, likizo ikaangukia Agosti, nikapanda basi la usiku hadi Bhuj, makao makuu ya wilaya. Chumvi sikuiona. Ile Rann, yaani nchi yenyewe ya chumvi, ni tambarare ambayo mvua za kusi huifunika maji, na ni mpaka mvua zikatike na jua lifanye kazi yake ndipo chumvi inabaki juu. Mwenye nyumba ya wageni alinihurumia akaniambia, "Nenda Mandvi." Nilikwenda, na tangu siku ile kila anayeniuliza namjibu hivyo hivyo: anza na bahari, chumvi itakungoja.

Panga safari kati ya Novemba na Februari. Kwa mtu wa pwani hii ni rahisi kukumbuka: ndio msimu wa kaskazi, pepo iliyokuwa ikileta majahazi yao kwetu. Tenga siku saba, zikipungua sana tano. Kachchh ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, kilomita za mraba 45,674, yaani zaidi ya mara 15 ya Unguja na Pemba pamoja. Watu, kwa sensa ya 2011, ni milioni 2 na kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ni chumvi na nyika.

Mandvi iko kilomita 60 hivi kusini ya Bhuj. Shuka kituoni, uliza mto Rukmavati. Ukingoni mwake wanaunda vyombo vya mbao, vikubwa kuliko chochote nilichokiona nyumbani. Mimi ni mtoto wa fundi wa majahazi wa Nungwi, na nilisimama pale nikashindwa kusema. Mkuku umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za nyangumi, na wanaume wawili wanapigilia pamba kwenye maungio ya mbao. Kalafati ile ile! Siku hizi vyombo hivi vina injini, lakini mkono unaovijenga ni ule wa mafundi wa kotia zilizokuwa zikitia nanga Malindi. Usipande chomboni bila ruhusa. Tafuta mzee aliyekaa kivulini, umwite "kaka". Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, si ndugu wa kiume. Na chunga "dada": kwao ni babu mzaa baba. Mwanamke wa makamo mwite "ben", mwenye umri wa mama yako "masi".

Kabla ya kuondoka Mandvi kula dabeli, kwa maana ni chakula cha hapo hapo: mkate mdogo uliojazwa viazi vya viungo, njugu na punje za komamanga. Jua pia kwamba nyama si rahisi kuipata katika hoteli nyingi na pombe imepigwa marufuku Gujarat. Mikate ya uwele na siagi na sukari guru vitakushibisha.

Siku ya tatu rudi Bhuj, chukua bajaji hadi Madhapar, na ukiweza ufike Baladia. Vitabu vya watalii huviruka vijiji hivi, nami naona ni kosa kubwa. Ni vijiji vya Waleva Patel, waliotoa waashi na wajenzi wengi waliokwenda Kenya, kisha wengine wakaendelea hadi London. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza nikizungumza na mama kwa simu, mzee mmoja akasimama mbele yangu akangoja nimalize.

"Umetoka Mombasa?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Hapana, mzee. Unguja."

"Basi njoo unywe chai. Mimi fundi wa mawe, Nairobi, miaka mingi."

Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, cha "lete maji" na "weka sawa", na alikitoa kidogo kidogo kama mtu anayefungua sanduku la zamani. Nilikaa kwake muda wa saa tatu. Kwa hiyo nakusihi, ukifika Madhapar zungumza Kiswahili kwa sauti.

Karibu na Bhuj pia kuna Ajrakhpur, kijiji cha Wakhatri wanaopiga chapa vitambaa vya ajrakh kwa mihuri ya mbao. Walikuwa Dhamadka; tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, lililoua maelfu ya watu, liliharibu maji yao, na bila maji mazuri rangi haishiki. Wengi wakahamia hapa. Fika asubuhi, waombe wakuonyeshe pipa la rangi nyeusi: chuma chakavu na sukari guru vimelowekwa siku nyingi, kisha vinaongezwa unga wa kokwa za ukwaju ili rangi iwe nzito. Buluu ni nili. Kitambaa kimoja hupita hatua zaidi ya kumi na kufuliwa tena na tena, kwa hiyo ukitajiwa bei usishindane nayo sana.

Siku ya nne ni Lakhpat, magharibi kabisa, na ni siku ndefu ya gari. Beba maji na chakula. Jina lake huhusishwa na laki, laki ile ile tunayohesabia sisi, kwa kuwa bandari ilikuwa ikiingiza utajiri mkubwa. Kisha mwaka 1819 ardhi ikatetemeka, tuta refu likainuka kaskazini, wenyeji wakaliita Allah Bund, na mkono wa mto Indus uliokuwa ukileta maji ukakatika. Mji ukabaki kuta tu, kilomita 7 hivi za kuta. Panda juu ukitazame kijito cha Kori. Taria Topan, tajiri aliyeanza kujenga lile jengo la zahanati ya zamani karibu na bandari ya Unguja, alizaliwa hapa Lakhpat. Nimepita mbele ya jengo lile maisha yangu yote. Lakini tusisahau kwamba katika biashara ile ya pembe za ndovu na karafuu kati ya kwao na kwetu walisafirishwa watu pia, na Wasidi wa Gujarat, wenye asili ya Afrika, mpaka leo wana ngoma wanayoiita goma. Hapa ni mpakani na Pakistan: usipige picha askari wala vituo vyao.

Sasa nenda kwenye chumvi. Kibali hutolewa njiani, Bhirandiyara. Chukua pasipoti yenyewe, si nakala. Hapo hapo onja mawa, maziwa ya nyati wa mbuga ya Banni yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Tazama bhunga, nyumba za udongo za mviringo. Nyingi zilisimama mwaka 2001 wakati za saruji zilipoanguka. Ule mti wa miiba uliotapakaa kila mahali ni mathenge, ule ule unaowasumbua wafugaji wa Baringo. Hapa unaitwa gando baval, yaani mgunga kichaa, na unazila nyasi za Banni mwaka hadi mwaka. Dhordo ukae jioni mpaka mwezi utoke, inatosha.

Kutoka Khavda kuna barabara inayokata katikati ya chumvi hadi kisiwa cha Khadir, ambako uko mji wa Dholavira, uliobaki magofu, wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021. Mwongozaji atataka kukupeleka juu ngomeni moja kwa moja. Mwombe akuanzishe kwenye birika la maji la mashariki, lenye urefu wa zaidi ya mita 70. Vijito viwili vya msimu, Mansar na Manhar, ndivyo vilivyozuiwa kulisha mabirika haya. Shuka ngazi za mawe taratibu mpaka chini, ukae pale penye kivuli.