Somo: Kupunguza mwendo kwenye barabara kuu ya kasi, uokoe mafuta bila kuwa kero kwa wenzako

Habari zenu wanachama. Mafuta yakipanda bei, watu huanza kuulizana kuhusu dawa za kumimina kwenye tenki na sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta. Sumaku hizo hazisaidii chochote, msipoteze hela. Kwenye safari ndefu, kinachopunguza mafuta kwa uhakika ni mguu wa kulia.

Somo hili linahusu barabara zenye njia mbili au tatu kila upande, zisizo na makutano wala matuta. Foleni za mjini zina mambo yake. Nitasema mengi pia juu ya nidhamu ya njia na nafasi kati ya magari, kwa sababu anayepunguza mwendo ovyo, akakaa katikati ya njia ya kupitia, yaani ile ya kuyapita magari mengine, naye anahatarisha watu.

Hatua ya 1: Jua gari lako linakula kiasi gani sasa

Jaza tenki hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, kisha endesha kama ulivyozoea. Ukirudi kujaza, jaza tena hadi ijikate. Chukua lita ulizotia, zidisha kwa 100, gawa kwa kilomita ulizotembea. Lita 36 kwa kilomita 450 ni lita 8 kwa kila kilomita 100. Iandike namba hiyo. Mshale wa geji hautoshi, mara nyingi hushuka polepole mwanzoni na haraka mwishoni, ukakudanganya.

Hatua ya 2: Toka 120, njoo 100

Hapa ndipo mafuta yalipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Gari likitembea tambarare kwa mwendo usiobadilika, injini ina kazi mbili kubwa: kuviringisha matairi yanayobonyea kwenye lami, na kuisukuma hewa iliyo mbele. Ya kwanza haibadiliki sana kasi ikipanda. Ya pili hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, hewa hukukinza mara nne. Kutoka 100 hadi 120 umeongeza kasi kwa asilimia 20 tu, lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 44. Nguvu ambayo injini inatakiwa kuitoa kila sekunde ili kuishinda hewa hiyo imepanda kwa asilimia 73. Ndiyo maana gari lilelile linaloonekana halili mafuta kwenye 90 linageuka mlafi kwenye 130.

Muda je? Kilomita 100 kwa mwendo wa 120 ni dakika 50. Kwa 110 ni dakika 54 na nusu. Kwa 100 ni saa moja. Na hesabu hiyo inamhusu mtu asiyekutana na lori, foleni wala kituo cha ushuru njia nzima, jambo ambalo ni nadra. Ukiona hata dakika 10 ni nyingi, anza na 110. Kilomita 10 za kwanza unazoshuka kutoka juu ndizo zenye faida kubwa kuliko zote.

Serikali zimewahi kulitumia jambo hili. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89, nchi nzima kuanzia 1974, na sheria hiyo haikufutwa kabisa hadi 1995. Vifo vya barabarani vilishuka kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi kama 45,000 mwaka 1974. Si kasi peke yake iliyofanya hivyo, kwani watu walisafiri kidogo pia, lakini mchango wa kasi haukataliki. Uhispania nayo, Machi 2011, ilishusha kikomo cha barabara zake kuu kutoka 120 hadi 110 kwa miezi michache, kwa lengo hilohilo la kuokoa mafuta.

Kwa vitendo: usijilazimishe kushuka kwa mkupuo, maana utaona gari halitembei na utaacha. Kaa kwenye 110 mpaka uizoee, kisha shuka tena. La muhimu kuliko yote, toka nyumbani mapema. Wengi wetu hatukimbii kwa sababu tunapenda kasi, tunakimbia kwa sababu tulichelewa kutoka.

Hatua ya 3: Kaa kwenye njia yako

Ukipunguza mwendo, njia yako ni ile ya pembeni: ya kushoto kwenye nchi zinazoendesha kushoto, ya kulia kwa zile zinazoendesha kulia. Njia ya kupitia ingia, pita, rudi. Dereva anayeng'ang'ania hapo kwenye 100 kwa hoja kwamba hakuna anayeruhusiwa kuzidi anawalazimisha wengine kumpita upande usiofaa. Kuwadhibiti wenye haraka si kazi yetu.

Kabla ya kutoka kumpita lori, angalia kioo cha ndani, angalia cha pembeni, washa indiketa, geuza kichwa utazame ile sehemu ambayo vioo havionyeshi, ndipo utoke. Wewe ukiwa kwenye 100, anayekuja nyuma kwa 140 anakusogelea mita 11 kila sekunde. Umemwona kwenye kioo akiwa mita 100 nyuma, mdogo kabisa. Una sekunde 9 tu kabla hajawa mgongoni mwako. Kama huwezi kumaliza kupita kwa utulivu, mwache atangulie, halafu utoke.

Hatua ya 4: Weka nafasi ya sekunde mbili

Gari la mbele likipita alama fulani, nguzo au kibao, anza kuhesabu. Ukifika hapo kabla ya sekunde mbili kuisha, umebana. Lami ikiwa na maji, weka sekunde nne.

Nafasi hiyo ni usalama, na pia ni mafuta. Fikiria taa za breki zimewaka kwenye msururu wa magari yaliyo mbele. Aliyebana anafunga breki, anashuka hadi 70, wenzake wanafunguka, anakanyaga mafuta kurudi 100. Mwenye nafasi aliona taa hizo mapema, akaachia mguu, spidi ikateremka hadi 92, msururu ukafunguka, akaendelea bila kugusa breki. Wote wawili wamefika mbele pamoja, lakini mmoja amegeuza mafuta yake kuwa joto kwenye diski za breki.

Na breki zenyewe zina hesabu yake. Magari mawili yanayofanana yakifunga breki sehemu moja kwa nguvu ileile, moja likitoka kwenye 100 na lingine kwenye 120, pale la kwanza linaposimama, la pili bado linakwenda kama 66. Soma tena sentensi hiyo ukiwaza kuna lori limezimika mbele.

Hatua ya 5: Mguu

Magari ya siku hizi hukata mafuta kabisa ukiachia pedali huku gari likiwa kwenye gia na mwendo ungali mkubwa. Ukiweka gia huru mteremkoni, injini hulazimika kujilisha ili isizime, na wewe umepoteza msaada wake wa kupunguza kasi. Acha gia ndani.

Mlimani usipigane na spidi. Ishike pedali palepale, acha mwendo ushuke kidogo, utaupata tena upande wa pili. Kidhibiti mwendo cha gari (cruise control, kile kinachoshikilia spidi uliyochagua) ni kizuri kwenye tambarare, lakini kwenye vilima vingi huongeza mafuta kwa nguvu ili kulinda namba moja tu. Hapo mguu wako unafanya vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Gari lenyewe

Upepo wa tairi upimwe tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango cha mtengenezaji. Keria isiyobeba kitu ivuliwe. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, gari langu ni la injini kubwa. Fundi ameniambia injini kubwa "zinapumua vizuri" kwenye 120 na huko ndiko zinakula kidogo. Ni kweli?

Jibu: Hapana, mkuu. Injini kubwa kwenye 120 haihangaiki, na ukimya huo ndio unaowachanganya watu. Lakini hewa haijui ukubwa wa injini yako. Magari mengi hula kidogo zaidi kati ya 50 na 80 yakiwa kwenye gia ya juu kabisa. Pima kwa njia ya hatua ya 1, tenki moja kwa 120 na moja kwa 100, umpelekee fundi majibu.

Swali: Nikikaa karibu nyuma ya trela si linanikatia upepo?

Jibu: Linakukatia, na usifanye hivyo. Ili upate faida ya maana inabidi ukae mahali ambapo dereva wa trela hakuoni kwenye vioo, na wewe huoni kinachotokea mbele yake. Kaa sekunde mbili nyuma, au zaidi.

Swali: Mwalimu, mume wangu ni dereva mzuri ila akichelewa anakimbia mno, na watoto wako nyuma. Nimwambieje asikasirike?

Jibu: Dada, usimwambie akiwa ameshika usukani, atajitetea tu. Siku nyingine mkiwa mmetulia, mpe hesabu. Zikibaki kilomita 40, kwa 120 mtafika baada ya dakika 20, kwa 100 dakika 24. Kinachogombewa ni dakika nne. Na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kila asilimia moja ya wastani wa kasi inayoongezeka huongeza hatari ya ajali za vifo kwa asilimia 4. Kisha msaidie: ninyi wote muwe garini mapema. Mara nyingi dereva huachiwa peke yake deni la muda ambalo familia nzima imelikopa.

Swali: Kiyoyozi au madirisha wazi?

Jibu: Kwenye mwendo wa barabara kuu funga madirisha, tumia kiyoyozi kwa kiasi. Mwendo wa pole, fungua.

Swali: Simu inanionyesha 95 wakati spidomita inasema 100. Nifuate ipi?

Jibu: Spidomita nyingi hutengenezwa zionyeshe juu kidogo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na nchi nyingi haziruhusu isome chini ya mwendo halisi. Kwa usalama fuata spidomita. Kwa hesabu za mafuta, tumia chombo kilekile kila mara ili ulinganifu uwe sawa.

Swali: Mimi natumia gari la umeme. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu sana. Mota ya umeme hupoteza nishati kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya chaji kwenye barabara kuu inaishia kwenye hewa, na kila kilomita unayoongeza kwenye spidi utaiona kwenye betri. Makadirio yakionyesha hutafika kituo kinachofuata cha kuchaji, shusha mwendo kwa 10, endesha dakika chache, kisha angalia namba upya kabla hujaanza kutafuta kituo kingine.