Jinsi ya Kuchukua Sampuli ya Tezi kwa Kulungu au Elki Kabla ya Kula Nyama Yake

Ugonjwa sugu wa kukondesha kulungu ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967, kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti huko Colorado. Leo umeenea kwa kulungu na elki (jamii ya kulungu wakubwa) wa mwituni katika majimbo mengi ya Marekani na Kanada. Unaletwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya ambayo haifi kwa kupikwa wala kugandishwa. Mnyama anaweza kuubeba mwaka mmoja na nusu au zaidi huku amenona na anakimbia vizuri. Kukonda, kudondosha mate na kulegea masikio huja mwishoni kabisa. Hivyo usimwamini kwa kumtazama tu, peleka sampuli yake maabara.

Mpige kifuani, usimpige kichwani. Risasi ya kichwa hutawanya ubongo na huharibu sehemu inayopimwa. Vaa glavu za mpira tangu kisu cha kwanza.

Zinazotakiwa ni tezi mbili za limfu zilizo nyuma ya koo, moja kila upande. Mlaze mnyama chali, shingo imenyooka. Kata kwa kina toka pembe moja ya taya hadi nyingine, juu kidogo ya zoloto, mpaka kisu kiguse mfupa. Vuta zoloto kuelekea kifuani, kisha papasa ukuta wa nyuma wa koo, chini ya fuvu. Utakuta kitu kigumu kiasi, laini juu, chenye umbo la yai, urefu wa sentimita 2 hadi 4. Hapa ndipo wengi hukosea: huchukua tezi za mate, zilizo karibu na ngozi. Ipasue kidogo uhakikishe. Tezi ya limfu ina nyama ya namna moja ndani. Ya mate imegawanyika vijipunjepunje. Ukipeleka ya mate, maabara haitakuwa na cha kupima.

Chukua zote mbili, weka kwenye mfuko wenye lebo: tarehe, mahali alipouawa, jinsia, namba ya kibali. Ziweke kwenye baridi, zisioze. Uliza maabara mapema kama wanataka mbichi au zilizohifadhiwa kwa fomalini. Ukiona kazi hii ngumu, idara nyingi za wanyamapori hupokea kichwa kizima chenye kipande cha shingo. Kitenganishe kwa kisu kwenye kiungo.

Nyama itoe mfupani. Usipitishe msumeno kwenye uti wa mgongo wala fuvu, kwa sababu unga wake huenda moja kwa moja kwenye minofu. Tupa ubongo, macho, bandama, tonsili na tezi zote za limfu. Kila mnyama awe na mifuko yake yenye namba ya sampuli. Mtu mwingine akikusagia nyama, sisitiza asiichanganye na ya wawindaji wengine, maana mnyama mmoja mgonjwa ataharibu mafungu yote.

Visu visugue kwanza mpaka visibaki na hata chembe ya nyama, ndipo uviloweke dakika 5 kwenye blichi ya kufulia, sehemu 2 kwa sehemu 3 za maji. Blichi hushughulikia uso wa chuma tu. Haipenyi ndani ya kipande cha nyama kilichonata. Suuza vizuri, kwani inakula chuma.

Mifupa na vichwa usivirudishe msituni: prioni hukaa udongoni miaka mingi, na kulungu wengine huzipata hapo. Vifunge kwa mifuko miwili, uvipeleke kwenye dampo linaloruhusiwa. Kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo, soma sheria. Mengi huruhusu minofu, ngozi isiyo na kichwa, na pembe zilizosafishwa tu.

Nyama isubiri friza hadi majibu yatoke. Majibu ya "haikugunduliwa" si hakikisho, maana maambukizi machanga yanaweza kukosekana kwenye tezi. Bado hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama hii, lakini CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, inashauri isiliwe ikikutwa na ugonjwa. Ikiwa hivyo, usimpe hata mbwa. Ijulishe idara ya wanyamapori na uitupe kama ilivyoelekezwa.